Utepe wa Duka la Dawa

Nchi yetu ina jina zuri sana, ila kwa sasa halitumiki. Liko wizarani linafanyiwa maboresho, na mpaka litakaporudi tumeelekezwa tuseme "nchi yetu", na wageni wanaombwa waseme "nchi yenu". Ni kisiwa. Tuna miwa, kungumanga, jua la mwaka mzima na mawaziri thelathini na wanane. Kila Jumanne saa mbili asubuhi meli ya watalii, nyeupe, yenye ghorofa kumi na nne, hufunga gatini kwetu na kushusha watu elfu mbili. Saa kumi na moja jioni hupiga honi mara tatu na kuondoka nao.

Kazi yangu ni kuwapokea. Naitwa Klementi, Afisa Mapokezi Daraja la Tatu. Nina shati la maua la serikali, beji, na sentensi moja niliyoidhinishwa kuisema: "Karibuni, jisikieni mko nyumbani." Daraja la pili wana sentensi mbili.

Nataka kusimulia yaliyompata mgeni mmoja, Mzee Evodius, pamoja na mkewe Bi Leokadia, siku ile ya uzinduzi. Ripoti rasmi ilishatoka na ni ripoti nzuri, imepigwa chapa ya rangi. Ila majina yao haikuyataja.

*

Kwanza niseme kwa nini maduka yalikuwa yamefungwa, maana wageni wengi waliuliza na sikuwa na sentensi ya kuwajibu.

Kwa miaka mingi watalii walikuwa wakilalamika kwamba wakishuka wanakuta nusu ya maduka ya Mtaa wa Bandari yamefungwa. Ilikuwa kweli. Leseni za maduka yetu hugongwa mhuri kila mwezi, na ofisi ya mihuri hufunguliwa Jumanne tu, kwa hiyo siku ya meli wenye maduka huwa wamepanga foleni ya mhuri. Serikali ikaunda tume. Wajumbe wake walizunguka bandari za nchi nyingine kwa miezi minane wakitazama maduka yaliyofungwa ya huko, ili walinganishe. Waliporudi walikuwa na pendekezo moja: maduka yafunguliwe.

Serikali ililipokea pendekezo hilo kwa mikono miwili. Lakini kufungua maduka ya mtaa mzima si jambo la mtu kuamka tu na kusukuma mlango. Ni hatua ya kihistoria, na hatua ya kihistoria lazima izinduliwe. Akateuliwa kuizindua Mheshimiwa Dakta Baltasari, Waziri wa Biashara, Bahari na Bashasha. Ikachaguliwa Jumanne, ili wageni wenyewe washuhudie tunavyofungua.

Sasa, kitu hakiwezi kuzinduliwa kuwa wazi wakati tayari kiko wazi. Hilo hata mtoto analielewa. Kwa hiyo ukatoka waraka kwamba maduka yote mia mbili na sita yafungwe kuanzia Jumamosi, na kila mlango uwekewe utepe wa rangi za bendera. Mheshimiwa angepita duka moja baada ya jingine akikata. Waraka ulikuwa makini. Ulisema utepe usikatwe, usifunguliwe fundo, usisogezwe, wala mtu asipite chini yake, juu yake au kando yake. Milango ya nyuma iliwekewa utepe mwembamba zaidi. Kila utepe ulikuwa na namba, na polisi aliyeusainia kuulinda.

*

Jumanne hiyo meli ilifika kwa wakati, kwa sababu haimo katika utumishi wa umma. Watu elfu mbili wakashuka wakiwa na kofia na mifuko mitupu. Walitembea Mtaa wa Bandari kuanzia mwanzo hadi mwisho. Walikuta milango imefungwa, na mbele ya kila mlango mwenye duka amesimama akiwa amevaa nguo zake za sikukuu na uso wa furaha, kama waraka ulivyoagiza. Wageni walipiga picha za tepe. Mama mmoja aliniuliza kama palitokea mauaji. Nikamwambia ajisikie yuko nyumbani.

Wengi walirudi melini kabla ya saa sita. Kule kuna maduka.

Mzee Evodius na Bi Leokadia walishuka mwishomwisho. Walitoka nchi ya mbali ambako, kwa bahati, watu huzungumza lugha kama yetu. Mzee alikuwa mkuu wa stesheni ya treni mpaka alipostaafu. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mwembamba, amevaa tai hata juani. Mama alikuwa amefundisha darasa la kwanza maisha yake yote, na ungeijua kazi hiyo kwa jinsi alivyokuwa akikutazama mpaka umalize kusema. Watoto wao walikuwa wamechanga na kuwapa safari hiyo kama zawadi ya miaka arobaini ya ndoa. Hawakuwahi kupanda meli kabla ya hapo.

Bi Leokadia alinieleza taratibu, bila kupaparika. Mumewe ana pumu. Alisafiri na chupa mbili za ile dawa ya kuvuta mdomoni. Moja iliisha Jumapili. Ya pili ilikuwa kwenye mfuko wa shati, na asubuhi hiyo, akiwa ameinama kwenye ukingo wa meli kutazama samaki, iliteleza ikazama. Walikwenda kwenye zahanati ya meli wakakuta kibao mlangoni: meli ikiwa bandarini zahanati hufungwa, maana daktari naye hushuka kutembea.

"Bado hajabanwa sana," alisema. "Lakini namjua. Tuelekeze tu lilipo duka la dawa, mwanangu."

Nilifurahi, kwa sababu lilikuwa swali rahisi. Duka la dawa lilikuwa hatua mia mbili kutoka gatini. Niliwasindikiza mwenyewe.

*

Duka hilo linaitwa Tumaini, na mwenyewe ni Bi Delfina, mwanamke wa miaka hamsini na kitu ambaye ametutibu mafua na minyoo sote tuliozaliwa mtaa ule. Tulimkuta amesimama mbele ya mlango wake tangu alfajiri, gauni la zambarau, funguo mkononi. Kati yake na mlango ulipita utepe, upana wa vidole viwili. Pembeni alisimama Konstebo Silvani.

Bi Delfina alimtazama mzee mara moja tu, mabega yalivyokuwa yakipanda na kushuka, akajua. Alisema dawa ipo. Alisema iko rafu ya pili, upande wa kushoto, na kutoka pale alipo angeweza kuifikia kwa kuhesabu mpaka kumi. Kisha akamgeukia Silvani.

Silvani si mtu mbaya. Nilisoma naye. Alisema anaona hali ilivyo na inamsikitisha, lakini utepe ule ni namba mia moja na arobaini na tatu na yeye ndiye aliyeusainia. Bi Delfina akamkumbusha kwamba alipokuwa mdogo aliwahi kupata kifaduro, na mama yake alimleta pale pale mgongoni.

"Nakumbuka, dada," Silvani akasema. "Sijasahau hata ladha ya ile dawa. Lakini siku ile mlango ulikuwa wazi."

Bi Leokadia aliuliza kama mtu hawezi kuinama tu akapita chini. Ikabidi nimweleze kuhusu waraka. Akauliza mlango wa nyuma. Nikamweleza. Akauliza dirisha. Dirisha la Bi Delfina lina nondo, kwa sababu ya wezi. Aliposikia hivyo akamfungulia mumewe tai.

Basi nikampa shauri la kiofisi. Nilimwambia Mheshimiwa yuko mwanzo wa mtaa anaendelea kufungua, na kwamba tukimwona Mkuu wa Itifaki anaweza kutusogezea zamu. Bi Delfina aliingia nyumba ya jirani akatoka na kiti, akamkalisha mzee, akamwonyesha namna ya kuegemea mbele na kutoa pumzi polepole kama anayepuliza uji. Silvani akavua kofia yake ya kazi akaanza kumpepea. Hilo waraka haukulikataza.

*

Mheshimiwa alitarajiwa saa tatu na alifika saa sita. Mpaka tunamfikia, ilikuwa inakaribia saa saba na alikuwa ameshafungua maduka manne: la kofia, la kadi za picha, la kofia tena, na la viatu. Kwenye kila duka alitoa hotuba, kwa sababu, alivyosema mshereheshaji, haingekuwa haki duka moja lipate hotuba na jingine likose.

Mkuu wa Itifaki ni Bwana Hilari, mtu mrefu mwenye majalada mawili, moja kila kwapa. Alitusikiliza kwa adabu. Alisema maduka yanafunguliwa kwa alfabeti ya majina yao na Tumaini liko kwenye T. Kusogeza zamu kunawezekana na utaratibu wake upo. Inatakiwa barua ya daktari inayothibitisha kwamba mgonjwa ni mgonjwa.

Bi Leokadia akamwambia kwamba kutoka pale alipo, akinyoosha shingo tu, anaweza kumwona mgonjwa mwenyewe kwenye kiti. Bwana Hilari alinyoosha shingo. Alikubali kwamba anamwona, na kwamba haonekani vizuri kiafya, lakini akasema huko kuona ni kwake yeye binafsi, hakuwezi kuambatanishwa kwenye jalada.

Daktari wa serikali alikuwa jukwaani, safu ya tatu, nyuma ya wake wa mawaziri. Nilimpungia mkono. Naye akanipungia.

Hapo ndipo Mheshimiwa mwenyewe, aliyekuwa ameketi akinywa maji ya dafu kabla ya hotuba ya tano, alipouliza yule mama analia nini. Bi Leokadia hakuwa analia. Alikuwa amesimama wima, mikono ameishika mbele kama mwalimu anayesubiri darasa litulie. Akamweleza Mheshimiwa kwa sentensi tatu, na Mheshimiwa akaguswa. Mimi niliona kwa macho yangu. Aliweka dafu chini.

"Mama," akasema, "Serikali hii inasikia. Hilari, andika. Duka la dawa lisogezwe kutoka namba mia moja arobaini na tatu liwe namba tano. Na lisifunguliwe kama maduka mengine. Lipewe uzinduzi maalumu."

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, na nilipiga kwa moyo. Bi Leokadia alimshukuru na kuinama kidogo, akaanza kurudi kwa mumewe nusu akikimbia. Ilikuwa saa saba na robo. Hatua mia na hamsini hivi mpaka kwenye utepe.

*

Neno gumu lilikuwa "maalumu".

Uzinduzi wa kawaida unahitaji meza, kipaza sauti na mkasi. Uzinduzi maalumu unahitaji hema, zulia jekundu, viti vya wageni mashuhuri, bendi ya matarumbeta na ratiba iliyochapwa. Hema lilikuwa moja tu, lile la jukwaani, limefungwa kwa kamba kwenye nguzo nane mbele ya duka la viatu. Likaanza kufunguliwa. Bendi ilikuwa inakula. Bwana Hilari alienda kuchapa ratiba, lakini duka la uchapaji lilikuwa na utepe, ikabidi aiandike kwa mkono, nakala arobaini.

Nilikwenda na kurudi, nikiwapelekea wale wazee habari za maendeleo. Niliwaambia nguzo tatu zimeng'olewa. Niliwaambia bendi imefika kwenye matunda. Mzee Evodius hakuwa anajibu tena. Kila pumzi ilikuwa inapiga mluzi mwembamba kifuani, na midomo ilianza kugeuka rangi. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa duka, kama mkuu wa stesheni anayetazama reli ambayo treni imechelewa. Bi Delfina alikuwa amepiga magoti mbele yake akimhesabia pumzi, na gauni lake la zambarau lilikuwa limeshika vumbi.

Saa tisa kasoro Bi Leokadia alifungua mkoba wake akatoa kikasi kidogo cha kucha.

Alikwenda mpaka kwenye utepe. Silvani aliacha kupepea na akasimama mbele yake, lakini si karibu sana. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye kama mgeni hatafanywa lolote, sheria ya kuhujumu uzinduzi haimhusu asiye raia. Anayehusika ni mwenye duka. Duka ambalo utepe wake umekatwa na asiye Mheshimiwa hufutiwa leseni na halifunguliwi tena.

Bi Leokadia akageuka akamtazama Bi Delfina. Walikuwa wamejuana saa mbili tu. Bi Delfina alikuwa bado amepiga magoti, mkono wake mgongoni kwa mzee. Duka lile lilikuwa la mama yake kabla yake.

"Kata," Bi Delfina akasema.

Na wakati huo huo matarumbeta yakalia. Bendi ilikuwa inashuka mtaani, nyuma yake zulia likiwa limebebwa begani na watu sita, na nyuma ya zulia gari la Mheshimiwa. Niliona bendera yake ndogo kwa macho yangu. Mimi ndiye niliyesema. Nilimshika Bi Leokadia kiwiko nikamwambia, "Subiri, mama. Wameshafika. Usimwingize mwenzio matatani bure."

Alinitazama mpaka nikamaliza kusema. Kisha akafumba kikasi na kukirudisha mkobani.

Sentensi hiyo haikuwa ile niliyoidhinishwa.

*

Utepe ulikatwa saa kumi na dakika thelathini na tano.

Hema lilisimama upesi, sitaki kusema uongo. Zulia lilitandikwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza lilitazama upande usio sahihi. Mzee Evodius alihamishwa kutoka kwenye kiti cha jirani akawekwa meza kuu, kushoto kwa Mheshimiwa, na mbele yake kikawekwa kibao kilichoandikwa "MNUFAIKA". Bi Leokadia aliomba akae naye. Akaambiwa ratiba inaonyesha mnufaika mmoja.

Kisha Mheshimiwa akahutubia. Ilikuwa hotuba nzuri kuliko zote nilizowahi kumsikia, na wengi walisema hivyo. Alieleza historia ya hewa. Alisema wakoloni walipofika walikuta hewa ipo, wakaondoka wakaiacha ileile bila kuiendeleza. Alisema pumzi ni haki ya kila raia, na leo kwa mara ya kwanza Serikali inaifikisha hata kwa asiye raia. Kila alipotaja pumzi alimgusa mzee bega, na watu wote waliweza kusikia kifua chake kwenye kipaza sauti.

Bi Leokadia alisimama kando ya nguzo ya hema akihesabu kwa midomo. Nadhani alikuwa anaendelea kumhesabia pumzi kutoka mbali, ingawa sijui kama mzee alimwona.

Mheshimiwa alipofika kwenye utepe, mkasi haukukata. Ulikuwa umepakwa rangi ya dhahabu, na baada ya maduka manne rangi ilikuwa imejaa kwenye makali. Aliubana utepe, akauvuta, akausugua. Bwana Hilari alitafuta kwenye jalada la kulia, kisha la kushoto, akasema mkasi wa akiba uko kwenye duka la vifaa vya kushonea, utepe namba mia na kumi na sita. Hapo Bi Leokadia akapita katikati ya viti vya wageni mashuhuri, bila kuomba njia, akamwekea Mheshimiwa kile kikasi cha kucha kiganjani.

"Shika, baba," akasema. "Kinakata."

Kilikata. Watu wakashangilia. Mheshimiwa akaingia kwanza, kisha Naibu wake, kisha Katibu, kisha wake zao, na Bi Delfina akaingia wa tisa kwenye duka lake mwenyewe. Dawa ikaletwa kwenye sinia lenye kitambaa. Mheshimiwa akaishika juu ili ipigwe picha, halafu akampa mzee, na mkewe ndiye aliyemwekea mdomoni na kubonyeza.

Akavuta. Makofi yakapigwa. Mpiga picha akasema hakuwa tayari, akaomba irudiwe. Kwa bahati njema dawa yenyewe hutakiwa kuvutwa mara mbili.

Ilichukua muda kabla ule mluzi haujapungua. Rangi ikaanza kurudi midomoni. Mzee Evodius akainua kichwa, akatafuta mkono wa mkewe, na neno la kwanza alilosema tangu saa saba lilikuwa: "Saa ngapi?"

Meli ikapiga honi ya kwanza.

*

Ni hatua mia mbili. Mtu mzima mwenye afya angefika. Hata mtu mgonjwa, akibebwa, angefika, na Silvani alikuwa ameshainama ampe mgongo. Lakini mgeni rasmi alikuwa hajaondoka, na ratiba ilikuwa imebakiza kitu kimoja, wimbo wa taifa. Bendi ikaanza. Wimbo ukianza kila mtu husimama alipo, na anayesogea hupelekwa mahakamani. Silvani akanyooka, akapiga saluti, machozi yakimtoka. Wimbo wetu una beti sita, na mahali pa jina la nchi kwa sasa tunaguna.

Honi ya pili ililia kwenye ubeti wa tatu. Bi Leokadia alikuwa amemshika mumewe kiunoni. Alijaribu kupiga hatua, na watu wawili wa usalama, kwa heshima kabisa, wakasimama mbele yake huku wakiendelea kuimba. Honi ya tatu ililia tukiwa tunaguna kwa mara ya tano.

Tulipofika gatini meli ilikuwa imeshageuza. Masanduku yao mawili yalikuwa ukingoni, yamepangwa vizuri, na juu yake karatasi ya kuwatakia mapumziko mema. Mzee Evodius akaketi juu ya sanduku moja. Mkewe alibaki amesimama. Nilitaka kusema kitu. Nikasema wajisikie wako nyumbani.

*

Hiyo ni miezi saba iliyopita.

Niliamini wangeondoka Jumanne iliyofuata. Lakini kampuni ya meli iliandika barua. Ilisema abiria wake wamelalamika kwamba maduka ya bandari yetu yalikuwa yamefungwa, kwa hiyo imetuondoa kwenye njia yake. Uwanja wa ndege tunao, na ulikamilika miaka kumi na mmoja iliyopita, ila haujazinduliwa. Kuna boti za mizigo zinazokwenda kisiwa cha jirani, na nilikwenda mwenyewe Uhamiaji kuwaombea nafasi. Walinionyesha kadi za kuingilia za wale wazee. Zimeandikwa kwamba mwenye kadi ataondoka kwa chombo alichoingilia. Afisa alinishauri tusubiri meli irudi. Nikamwambia haitarudi. Akasema basi tusubiri uthibitisho wa kutorudi kwake, ndipo aanze kulishughulikia.

Watoto wao huandika barua kila wiki. Wizara huzijibu zote, ikiwashukuru kwa kuichagua nchi yetu.

Ripoti rasmi ya Mheshimiwa inaonyesha kwamba kabla ya uzinduzi mtalii wa kawaida alikaa kwetu saa tisa. Sasa watalii waliopo nchini, asilimia mia kwa mia, wamekaa miezi saba na wanaendelea. Hakuna nchi jirani iliyofikia hapo. Mheshimiwa alipewa nishani, na nasikia na mimi nafikiriwa daraja la pili.

Wazee wanaishi kwa Bi Delfina, chumba cha nyuma ya duka. Mzee ana afya kuliko alivyokuja, maana dawa iko rafu ya pili upande wa kushoto na siku hizi hakuna wa kumzuia. Bi Leokadia anawafundisha kusoma watoto wa mtaa. Hajawahi kunilaumu. Ningependa siku moja anilaumu, lakini ananikaribisha chai na kuniuliza habari za mama yangu, na mimi nakunywa chai.

Maduka yote yalimaliziwa kuzinduliwa, na sasa yako wazi. Waraka mpya umekataza kufunga, kwa sababu kitu kilichozinduliwa kikifungwa itaonekana hakikuzinduliwa. Kwa hiyo wenye maduka hukaa humo kutwa, kofia zimepangwa, kadi za picha zimepangwa, na mtaa mzima hauna mnunuzi hata mmoja.

Kila Jumanne meli hupita mbali, upande wa kusini, ikienda bandari nyingine. Inaonekana kama robo saa hivi. Mzee Evodius hufunga tai, hushika mkongojo, na wote wawili huja gatini. Mimi huwa nipo, kwa kuwa sijapewa kazi nyingine. Juzi ilipita karibu kuliko kawaida, mpaka tukaona watu wamejipanga kwenye ukingo. Bi Leokadia aliweka mkono juu ya macho akatazama kwa muda.

"Wanatuona?" akaniuliza.

Nikamwambia wanatuona vizuri sana, na kwamba kutoka pale walipo lazima wanaona pia kwamba milango yote iko wazi. Akanitazama mpaka nikamaliza. Kisha akamrekebisha mumewe tai, iliyokuwa imekaa upande, na wote wawili wakainua mikono wakaanza kupunga.